Leo Siku Yako ya Ngapi? Vipimo vya Uzazi Nilivyopitia na Kliniki Niliyoipa Nyota Nne

Nesi wa mapokezi hakuanza kwa kuniuliza nina tatizo gani. Aliniuliza, "Dada, leo siku yako ya ngapi?" Nikasita, maana kote nilikopimwa sikuwahi kuulizwa hivyo. Akarudia kwa sauti ya chini: siku ya ngapi tangu hedhi ilipoanza, tukihesabu ile siku damu ilipotoka vizuri kuwa ya kwanza. Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikaangalia, nikamwambia ya kumi na tisa. Akaiandika juu ya kadi yangu kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara. "Basi damu ya homoni hatuchukui leo," akasema. "Tutakula hela yako bure."

Hapo hapo nikajua safari hii nimefika kwa watu wanaojua kazi yao.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, nashona sare za shule na magauni ya sendoff. Nina miaka 33. Niliolewa 2021, na tangu mwaka huo natafuta mtoto. Daftari nililolitoa ni lile lile ninaloandikia kifua, kiuno na urefu wa sketi za wateja. Kurasa za nyuma ndizo za kwangu: siku ilipoanza, ilipokoma, ilivyouma. Mama mdogo ndiye aliyeniambia niwe naandika. Sikuwaza kama kurasa zile zingekuja kunisaidia kuliko majibu niliyokuwa nayalipia.

Kliniki yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nina malalamiko juu yao pia na nimeshawapelekea wenyewe kwa maandishi. Ni ya binafsi, iko mjini upande wa Upanga. Ninachotaka kueleza zaidi ni vipimo vyenyewe: kipi nilifanyiwa lini, kiliuma vipi, kiligharimu kiasi gani na kilinipa jibu gani. Mimi niliingia kichwa kichwa, na najua wako dada wengi ambao muda huu wana bahasha ya majibu mkononi wasiyoielewa.

Nianze na nilikotoka. Mwaka 2022 shoga yangu alinipeleka kwenye ofisi moja ya watu wanaouza dawa za virutubisho. Wana mashine inayopima "mwili mzima". Unashika kijiti cha chuma mkononi, waya umeunganishwa na kompyuta, baada ya dakika mbili tatu zinatoka karatasi nyingi: ini, figo, macho, mpaka mfuko wa uzazi. Nililipa 20,000. Wakaniambia mirija yote miwili imeziba na kizazi kina uchafu, wakanipa dozi ya kuzibua ya 380,000. Niliinunua. Nilitoa hela ya ada ya kikoba nikanunua. Niliinywa miezi miwili nikiharisha, na mume wangu nilimwambia ni dawa ya tumbo.

Mdogo wangu wa kike alikuja kunitembelea wakati ule, akataka naye apime kwa kuwa anaumwa kiuno. Akashika kijiti. Karatasi ikatoka: mirija imeziba, kizazi kina uchafu. Mdogo wangu siku ile alikuwa na mimba ya wiki tisa, ameshaanza kliniki, na hatukuwaambia. Mashine haikuiona. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Jamani dada zangu, mrija wa uzazi ni mwembamba kama uzi na uko ndani kabisa ya nyonga. Hakuna umeme wa kiganjani unaoweza kujua kama uko wazi au la. Mrija unapimwa kwa kupitisha kitu ndani yake na kukitazama kikipita. Hilo nililielewa miaka miwili baadaye nikiwa nimelala juu ya meza ya eksirei, na nitalifikia.

Baada ya pale nikasema sasa naenda maabara ya kweli. Nikaenda moja ya karibu na nyumbani, safi, ina kiyoyozi. Wakanipima projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kupevuka. Wakaniambia nije siku ya 21, nikaenda siku ya 21. Jibu likatoka 0.6. Aliyenisomea akasema, "Mayai yako hayapevuki." Akaniandikia kwenye kikaratasi vidonge vya kupevusha mayai, nikanunue famasi. Nilimeza miezi mitatu. Usiku nilikuwa naamka nimelowa jasho kama nimemwagiwa maji, kichwa kinagonga, na asubuhi nina sare hamsini za kukata. Hakuna aliyenifuatilia kwa ultrasaundi kuona vidonge vinafanya nini huko ndani.

Sasa sikilizeni kosa lilikuwa wapi. Hiyo siku ya 21 ni ya mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 28. Yai linapevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na projesteroni inafika juu takriban siku saba kabla ya hedhi hiyo. Mzunguko wangu mimi ni siku 34 au 35, umeandikwa kwenye daftari mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo siku ya 21 yai langu lilikuwa ndiyo kwanza linajiandaa kutoka. Mimi napaswa kupimwa siku ya 28. Kliniki ya Upanga walilitazama daftari, wakahesabu kwa vidole mbele yangu, wakanipangia siku ya 28. Jibu: 12.4. Daktari akaniambia ikishapita 3 tu, kwa kipimo chao cha nanogramu kwa mililita, ni dalili kwamba yai limepevuka mwezi huo. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi nikijua mimi ni mtu ambaye mayai yake hayapevuki. Nilikuwa nimeshamwambia hata mama yangu.

Kwa hiyo kabla hujalipia projesteroni popote, jua mzunguko wako ni siku ngapi, kisha utoe saba. Usipokuwa na mahali ulipoandika, anza leo, hata nyuma ya kalenda ya ukutani. Kama siku zako hazina mpangilio kabisa, mwambie daktari. Wengine hupimwa zaidi ya mara moja kwenye mwezi mmoja.

Homoni nyingine zina siku zake pia. FSH na LH, zile zinazoamsha ovari zikuze na kutoa yai, walinichukua siku ya tatu ya hedhi, asubuhi. Pamoja nazo waliagiza TSH, ambayo ni ya tezi la shingoni, na prolaktini, ile ya maziwa. Hizi mbili hazifungwi na siku ya hedhi, ila prolaktini ina tabia zake. Dada wa maabara aliniuliza kama nimekimbilia daladala, kama nimelala vizuri, kama kuna dawa yoyote natumia ya kuzuia kutapika au ya usingizi. Nikamwambia nimesimama kutoka Mbagala mpaka mjini. Akanikalisha pembeni nusu saa nipumzike ndipo akanichoma sindano. Akaniuliza pia kama natumia vitamini za nywele na kucha. Nilikuwa natumia, zile zenye bayotini nyingi. Akaniambia niziache kwanza, TSH akaipangia siku nyingine, kwa sababu bayotini inaweza kuivuruga mashine ikatoa jibu la uongo. Huyu dada sikulijua jina lake. Kama unasoma, Mungu akubariki kwa ile nusu saa.

Kuna kipimo kinaitwa AMH. Kinapendwa sana siku hizi, kinatangazwa kila mahali kama kipimo cha "kujua mayai yaliyobaki". Nilikifanya kabla, nililipa 150,000, kikatoka 1.3, na kwenye karatasi wameandika hifadhi ya mayai iko chini. Sikulala. Niliona mlango unafungwa. Daktari wa kliniki hii alikisoma akakiweka pembeni. Akanieleza kinakadiria idadi, hakipimi ubora wa yai, na kwamba kinamsaidia zaidi mtu anayejiandaa kupandikiza mimba (IVF), daktari ajue ovari zitaitikiaje dawa. Kwa mwanamke anayetafuta kwa njia ya kawaida na anapevusha kila mwezi, namba hiyo peke yake haimwambii atashika mimba au hatashika. Alisema angenihudumia tangu mwanzo nisingekilipia. Mimi nasema kisifutwe, kina watu wake, lakini mtu asiuziwe kwa kutishwa.

Ultrasaundi niliifanya siku ile ile ya tatu. Nilikuwa nimekunywa chupa kubwa ya maji njiani, maana ile ya tumboni ndivyo wanavyotaka, kibofu kijae. Hii ni ya kupitia ukeni, na kibofu kinatakiwa kiwe tupu. Nikarudishwa chooni. Laiti wangeniambia kwenye simu. Kifaa ni chembamba, kinavikwa kondomu mpya mbele yako, kinapakwa jeli. Hakiumi, kinabana tu. Mtaalamu aligeuza skrini nione, akahesabu vijifuko vya mayai kwa sauti: saba kulia, sita kushoto. Akaonyesha na uvimbe mmoja wa sentimita 2, uko nje ya ukuta wa mfuko wa uzazi. Nilishtuka, maana uvimbe nilishaambiwa huko nyuma nikatwe haraka. Daktari akasema uvimbe wa ukubwa huo uliokaa nje haugusi mahali mtoto anapojishikiza, tutakuwa tunautazama tu. Ungekuwa umetokeza ndani ya chumba cha uzazi, hayo yangekuwa mazungumzo mengine.

Naomba nikae kidogo kwenye kipimo cha mirija, kwa sababu ndicho watu wanachokiogopa na ndicho nilichokisubiri kwa miaka mitatu. Wanakiita HSG: dawa inasukumwa ndani ya mfuko wa uzazi, na eksirei inaonyesha kama inapita kwenye mirija. Kinafanywa hedhi ikishakata na kabla yai halijatoka; mimi nilipangiwa siku ya tisa. Tangu hedhi ianze mpaka siku ya kipimo niliambiwa nisikutane na mume wangu, na asubuhi yake wakapima mkojo kuhakikisha hakuna mimba. Wiki moja kabla walinichukua ute wa mlango wa kizazi kutafuta klamidia, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini kimya bila dalili, ukaacha makovu kwenye mirija, na kusukuma dawa juu yake ukiwa bado hai ni kuupandisha juu zaidi. Waliniuliza kama nina mzio wa iodini. Waliniambia nimeze ibuprofeni saa moja kabla. Kila kitu kiliandikwa kwenye karatasi, kwa Kiswahili. Nilishukuru sana.

Chumba kilikuwa cha baridi. Nililala kwenye meza ya eksirei, miguu nimeikunja, nesi kanishika mkono. Kile chombo cha kufungulia, wengi tunakijua kwa umbo la mdomo wa bata, kiliingia, wakasafisha, kisha kikapita kijimpira chembamba kwenye mlango wa kizazi. Hapo nilihisi mchomo mmoja wa haraka. Skrini ilikuwa upande wangu wa kushoto, na daktari akasema nikitaka nitazame. Nikatazama.

Dawa ilipoanza kuingia, kwanza ilijaa pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Ndiyo mfuko wangu wa uzazi, sikuwahi kuuona. Kisha upande wa kulia ukatoka mstari mwembamba, kama uzi wa cherehani ulioangushwa mezani, una mikunjo. Ukaenda, ukaenda, ukapanuka kidogo mwishoni, halafu ukamwagika na kutawanyika, kama maziwa yanavyosambaa kwenye chai ya rangi kabla hujakoroga. Daktari akasema, "Huu uko wazi." Upande wa kushoto haukutoka kitu. Pembetatu iliishia pembeni pale, butu. Maumivu wakati ule yalikuwa makali, hedhi mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na mimi siyasikii tena, naangalia ile kona tu.

Nikasema, "Umeziba."

Daktari akaacha kusukuma. Akaniambia, "Subiri. Misuli ya pale kwenye kona huwa inajibana yenyewe ikishtuka, tena kwa mtu mwenye hofu. Vuta pumzi." Akasimama tu, mikono kaiacha, hana haraka. Nesi akanisugua bega. Nikahesabu, nilifika mia moja na arobaini. Wakanigeuza kidogo ubavu, akasukuma tena polepole mno. Na uzi wa kushoto ukatokea. Ukaenda mpaka mwisho, ukamwagika.

Naandika hapa mkono unatetemeka. Dakika zile mbili tatu za kusubiri ndizo zilizonitenganisha na karatasi ya "mrija wa kushoto umeziba". Angekuwa na foleni nyingine mlangoni na moyo wa haraka, angepiga picha, akaandika, na mimi ningeibeba karatasi hiyo kwa waganga na maofisi ya dawa za kuzibua mpaka nizeeke. Kwa hiyo ukiwa na majibu ya HSG yanayosema mrija umeziba mwanzoni kabisa, pale unapotokea kwenye mfuko, muulize daktari kama inawezekana ulijibana tu. Muulize kama walisubiri. Wakati mwingine jibu la uhakika linapatikana kwa laparoskopi, wanaingiza kamera kwa tundu dogo tumboni na kupitisha dawa ya bluu waone inatokea. Hiyo ni operesheni, unalazwa usingizi, na mimi daktari alisema kwa sasa sihitaji.

Maumivu makali yalidumu kama dakika moja na nusu kila waliposukuma. Baadaye ni tumbo la hedhi la kawaida, na matone ya damu mpaka kesho yake. Wameniambia homa, usaha wenye harufu au tumbo kuuma sana siku zinazofuata ni vya kurudi haraka bila kusubiri miadi. Beba pedi, beba kanga, na beba mtu. Mimi nilirudi peke yangu kwa daladala na sikushauri.

Utasikia wanawake wanasema, "Fulani alipima mirija akashika mimba mwezi ule ule." Nilimuuliza daktari kama ni maneno ya saluni tu. Akasema hapana, kuna kitu. Uholanzi walifanya utafiti kwenye hospitali 27, ukachapishwa 2017, wanawake 1,119, nusu wakapimwa mirija kwa dawa ya mafuta na nusu kwa dawa ya maji. Ndani ya miezi sita, mimba zilizoendelea vizuri zilikuwa asilimia 39.7 kwa waliopimwa na ya mafuta na 29.1 kwa ya maji. Wao hapa wanatumia ya maji, ndiyo wanayoipata. Alinieleza hivyo wazi wazi bila kunipa ahadi, na mimi sikuitarajia mimba ya mwezi ule. Haikuja.

Sasa nakuja kwenye kipimo ambacho, kwa maoni yangu, kilipaswa kuwa cha kwanza kwenye safari hii yote. Ni cha bei ndogo kuliko karibu vyote nilivyofanya, 35,000. Hakina sindano, hakina meza ya baridi. Ni cha mbegu za mume.

Siku ya kwanza daktari alitazama nyuma yangu kama anatafuta mtu, akauliza, "Baba yuko wapi?" Nikasema yuko kazini. Akasema, "Damu yako nitapima, ultrasaundi nitapima. Mirija sikupimi mpaka nimeona majibu yake." Akanieleza kwamba kwenye karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Ukutani kwao wamebandika tangazo la Shirika la Afya Duniani la 2023: mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo hili katika maisha yake. Nilipiga picha lile tangazo nikamtumia mume wangu.

Kwetu haikuwa rahisi. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, ananiletea samaki kila akija, lakini alishasema mbele za watu kwamba kwao hakuna mgumba. Mume wangu alikaa kimya siku kumi na mbili. Hakugomba, alikuwa anakula na kulala. Siku ya kumi na tatu akaniuliza, "Wanafunga Jumamosi saa ngapi?"

Masharti yake ni haya: asikutane na mke kwa siku mbili hadi saba kabla, asitumie sabuni wala mafuta wala kondomu ya kawaida kutolea sampuli, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Kutoka Mbagala mpaka Upanga na foleni zile, usijidanganye kubeba kichupa. Fanyeni hapo hapo. Wana chumba chenye kufuli kwa ndani, na hilo niliwasifu.

Majibu: milioni 9 kwa mililita moja, wakati kiwango cha chini cha kumbukumbu kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16. Zinazotembea asilimia 28, wakati kiwango ni 42. Daktari alituita wote wawili, akafunga mlango. Hakusema tatizo ni lake. Alisema jibu moja si hukumu, kwa sababu mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo za leo zinasimulia maisha ya huko nyuma. Akamuuliza kama aliugua homa miezi ya karibuni. Aliugua malaria kali. Akamuuliza kazi, anachomelea mageti, siku nzima kwenye joto la moto. Akamuuliza sigara, dawa za kujaza mwili, nguo za kubana. Akamkagua mishipa ya korodani. Akampangia kurudia baada ya miezi mitatu.

Tulipotoka mume wangu alinishika mkono barabarani, kitu ambacho hana kawaida nacho. Akasema, "Zile dawa za kuharisha ulikunywa kwa ajili yangu." Sikujua kama alishazijua.

Sasa malalamiko, kwa nini nyota nne na si tano. Kwanza, wanaita watu kwa kipimo. "Dada wa mirija! Dada wa mirija aingie!" Korido nzima inageuka. Sisi tuna majina na kadi zina namba, tuiteni kwa namba. Pili, benchi la kusubiri ultrasaundi ni moja kwa sote. Nilikaa katikati ya wajawazito wawili, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe una miezi mingapi?" Hakuwa na kosa. Wenye kosa ni waliopanga benchi. Watutengee hata saa mbili za asubuhi. Tatu, gauni la kuvaa chumba cha HSG. Kama fundi hili limenikera: limekatwa dogo, halifungi nyuma, na kamba moja imeng'oka. Mwanamke anatembea hatua kumi na tano kwenye korido ameshika kitambaa kwa mkono nyuma. Linahitaji robo mita ya kuongeza na kamba nne, kazi ya dakika ishirini. Niliandika kwenye barua yangu kwamba nitawashonea sampuli. Nne, majibu ya HSG waliahidi siku ile ile, nikayapata siku ya tatu baada ya kupiga simu mara mbili.

Hesabu yangu yote pale, kwa anayetaka kujipanga: kumwona daktari 40,000, homoni za siku ya tatu 140,000, projesteroni 35,000, ultrasaundi 45,000, ute wa klamidia 25,000, HSG 280,000 na mbegu 35,000. Laki sita kamili, nililipa kwa awamu kwa sababu vipimo vyenyewe vimetawanyika kwenye siku za mwezi. Ukijumlisha mashine ya kijiti, dawa ya kuzibua, AMH, projesteroni ya siku isiyo yangu na vidonge vya miezi mitatu, huko nyuma nilikuwa nimeshatoa 640,000. Hela ya kupima vizuri nilikuwa nayo tangu 2022.

Kama ningeanza upya kesho: mume kwanza, na daftari. Halafu damu ya siku ya tatu na ultrasaundi kwa safari moja kuokoa nauli, projesteroni siku saba kabla ya hedhi yangu mimi, na mirija mwisho, baada ya kujua hayo mengine. Mwenye miaka 35 na kuendelea asisubiri mwaka mzima wa kujaribu kama tunavyoambiwa sisi wadogo. Miezi sita inatosha aende.

Kipimo cha marudio cha mume wangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Sikumkumbusha. Juzi nilifungua daftari kutafuta vipimo vya mteja wa gauni, nikakuta kwenye kurasa zangu za nyuma, chini ya mstari wa hedhi ya mwezi huu, kuna tarehe imeandikwa kwa mwandiko wake, na pembeni yake: "Mimi. Saa tatu. Twende wote."